Kutoka Dirisha la Dawa hadi Mfumo wa Taarifa: Kujenga Taaluma ya Famasi ya Kidijitali Unguja

Utangulizi

Apitaye barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe, hulikuta jengo lenye roshani za mbao za nakshi linalotazama bandari. Jengo hilo linajulikana kwa jina la Old Dispensary, yaani zahanati ya zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa gharama za tajiri Tharia Topan, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ghorofa yake ya chini ilitoa dawa kwa watu wa mji. Katika zahanati za zama zile, taarifa za mgonjwa zilikaa mahali pawili tu: katika daftari na katika kichwa cha mtoa dawa. Maadamu mgonjwa alirudi dirisha lile lile kwa mtu yule yule, utaratibu huo ulitosha.

Leo hautoshi. Mzee wa Makunduchi mwenye kisukari na shinikizo la damu huweza kupimwa katika kituo cha afya cha kijijini, akapewa rufaa ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, kisha akanunua dawa iliyokosekana katika duka la dawa la Darajani. Amepita madirisha matatu na kuandikwa mara tatu, ilhali hakuna dirisha hata moja linalojua yaliyotendeka katika mengine mawili. Akipewa dawa ile ile kwa majina mawili tofauti, hakuna wa kumzuia. Kuunganisha madirisha hayo ndiyo kazi ya famasi ya kidijitali na informatiki ya kitabibu. Makala haya yanaeleza fani hiyo ni nini, Unguja imefikia wapi, na mfamasia, muuguzi au tabibu kijana afanye nini ili aijenge kuwa kazi ya maisha yake.

Maana ya fani

Famasi ya kidijitali ni matumizi ya mifumo ya kielektroniki katika safari nzima ya dawa: kuagizwa, kuhifadhiwa, kuandikwa na daktari, kutolewa kwa mgonjwa, na kufuatiliwa baada ya kutumiwa. Informatiki ya kitabibu ni pana zaidi. Ni elimu ya namna taarifa za wagonjwa zinavyokusanywa, kupangwa, kulindwa na kurejeshwa kwa mtoa huduma wakati anapozihitaji, ili aamue vyema.

Ni muhimu kutofautisha fani hii na ufundi wa kompyuta. Fundi huhakikisha mashine inawaka na mtandao unapatikana. Mtaalamu wa informatiki huuliza maswali mengine: je, kile mashine inachokionesha ni kweli? Kinamsaidia muuguzi aliye zamu usiku, au kinamchelewesha? Kikikosewa, nani ataumia? Maswali hayo hayajibiwi na asiyewahi kusimama mbele ya mgonjwa.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza kwa nusu, katika muda wa miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Madhara hayo aghalabu hayatokani na dawa mbovu. Hutokana na taarifa iliyopotea: mzio ambao haukuandikwa, uzito wa mtoto uliokisiwa, au mwandiko uliosomwa vibaya.

Unguja haianzi na ukurasa mtupu

Wengi hudhani kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Historia ya karibuni ya visiwa hivi inaonesha vinginevyo.

Mwaka 2008 mpango wa kupambana na malaria Zanzibar ulianza kupokea takwimu za kila wiki kwa njia ya simu za mkononi kutoka vituo vya afya 10, ili mlipuko ugunduliwe mapema. Kuanzia mwaka 2012 hatua nyingine iliongezwa. Kituo kikimgundua mgonjwa wa malaria, taarifa hutumwa kwa simu, na ofisa wa ufuatiliaji wa wilaya humfuata mgonjwa nyumbani akiwa na kishikwambi, akawapima na wengine wa nyumba ile. Takwimu hapa haikusubiri ripoti ya mwisho wa mwezi. Ilimtoa mtu ofisini ikampeleka mlangoni kwa mgonjwa.

Mfano wa pili ni utafiti uliofanyika Unguja kati ya 2009 na 2010 kuhusu simu za mkononi na afya ya uzazi. Ulihusisha vituo 24 na wajawazito 2,550. Nusu ya vituo hivyo vilitumia ujumbe mfupi wa simu pamoja na vocha za kumpigia mkunga. Nusu iliyobaki viliendelea na huduma za kawaida. Wanawake waliojifungua kwa msaada wa mtaalamu walikuwa asilimia 60 katika kundi la simu, na asilimia 47 katika kundi la kawaida. Hata hivyo, faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba haikuwafikia kwa kiasi kama hicho. Mtaalamu wa informatiki anapaswa kuyabeba matokeo hayo yote mawili. La kwanza linamwambia kwamba chombo kinafaa. La pili linamkumbusha kwamba ujumbe wa simu hauwezi kumpatia mama gari la kumfikisha hospitali.

Mfano wa tatu ni Jamii ni Afya, mpango wa Wizara ya Afya ambao wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000, katika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba, huzitembelea familia wakiongozwa na programu iliyomo katika simu. Tena mwaka 2023 Zanzibar ilianzisha Mfuko wa Huduma za Afya. Mfuko wa namna hiyo hulipia huduma kwa kutegemea kumbukumbu sahihi: nani ametibiwa, kwa maradhi gani, na kwa dawa ipi. Hivyo mwandiko wa dirishani, ambao zamani ulimhusu mgonjwa na mtoa dawa pekee, sasa unagusa hata fedha za hospitali.

Mambo ambayo kompyuta haiyajui

Ili kuiona kazi yenyewe, ni vyema kutazama makosa manne ambayo mfumo hauwezi kuyagundua mpaka aliyefanya kazi dirishani aketi pamoja na mtengenezaji wa programu.

La kwanza ni hesabu ya mahitaji. Tuseme kituo kimetoa vidonge 3,000 vya metfomini katika mwezi wa siku 30. Mfumo usio na busara utaandika kwamba mahitaji ya mwezi ni 3,000 na utaagiza kiasi hicho. Lakini kadi ya bohari inaonesha kwamba dawa ilikosekana kwa siku 10. Kwa hiyo vidonge 3,000 vilitolewa katika siku 20, yaani 150 kwa siku, na mahitaji ya kweli ni vidonge 4,500. Kituo kikiletewa 3,000, dawa itakwisha tena siku ya 20, na mwezi utakaofuata mfumo utasoma idadi ile ile na kuirudia. Uhaba unajizaa wenyewe, na kila ripoti inaonekana safi. Kosa jingine la aina hiyo hutokea katika vipimo vya kuhesabia: mtunza bohari anaandika 2 akikusudia makopo mawili ya vidonge 1,000, nao mfumo unasoma vidonge viwili.

La pili ni uchaguzi wa dawa. Mwaka 2003 Zanzibar ilipoanza kutumia tiba mseto ya malaria, ilichagua artesuneti pamoja na amodiakwini, dawa inayomezwa mara moja kwa siku kwa siku tatu. Tanzania Bara, ilipobadili tiba yake mwishoni mwa 2006, ilichagua artemetha pamoja na lumefantrini, inayomezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, tena pamoja na chakula chenye mafuta. Programu iliyoandaliwa kwa mwongozo wa Bara, ikiletwa Unguja bila kuhakikiwa, ingeweza kuchapisha maelekezo ya dawa moja juu ya pakiti ya dawa nyingine. Mashine isingeona kosa lolote. Mfamasia angeliona kwa mtazamo mmoja.

La tatu ni majina. Katika kisiwa chenye wageni wengi na jamaa walioko Muscat, Dubai na Mombasa, wagonjwa hufika na dawa za chapa za kila aina. Mtu huweza kumeza Panadol asubuhi, parasetamoli ya kituoni mchana, na dawa ya mafua yenye parasetamoli usiku, akadhani ametumia dawa tatu tofauti. Kwa mtu mzima, kiwango cha juu cha parasetamoli kwa siku ni gramu 4, na anayechanganya hivyo huweza kukivuka bila kujua. Ndiyo maana mifumo mizuri huhifadhi dawa kwa jina la asili na kwa namba ya utambulisho wa kimataifa. Amoksilini, kwa mfano, ni J01CA04, iwe Unguja, Muscat au Oslo. Kuijenga kamusi ya dawa ya namna hiyo, na kuitunza kila dawa mpya inapoingia, ni kazi ya mfamasia kamili, wala haifai kuachiwa karani.

La nne ni wakati. Programu nyingi huandikwa kwa saa za Kizungu. Ujumbe unaosema "meza dawa saa 2:00" kwa mzaliwa wa Unguja ni saa mbili asubuhi, si saa nane mchana. Aidha, mwezi wa Ramadhani hubadilisha ratiba ya karibu kila nyumba. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za kundi la salfonilurea, kama vile glibenklamidi, yumo katika hatari ya kushukiwa na sukari akiimeza dawa kama kawaida huku amefunga. Mfumo unaoendelea kumkumbusha ameze asubuhi, katika siku ambayo hatakula hadi futari, unamwelekeza kwenye madhara. Mfumo uliojengwa na wanaomjua mgonjwa ungewaorodhesha watu wa namna hiyo mapema, tangu Shaabani, ili waitwe kliniki, na daktari aamue nani afunge, nani asifunge, na dozi ipi ihamie wakati wa futari au daku.

Njia ya kuingia katika fani

Hatua ya kwanza ni kuimudu taaluma ya msingi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina skuli ya afya na sayansi za tiba hapa hapa Unguja, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kina skuli ya famasi Dar es Salaam. Mwanafunzi asikimbilie kompyuta kabla ya kuijua dawa. Mwaka mmoja au miwili ya kutoa dawa, kuhesabu bohari na kujibu maswali ya wagonjwa ni mtaji ambao hakuna kozi inayoweza kuuziba.

Hatua ya pili ni kujifunza kuzisoma takwimu. Aanze na jedwali la kompyuta la kawaida, kisha lugha ya kuuliza hifadhidata, na baadaye programu ya uchambuzi wa takwimu. Lengo lake lisiwe kuwa mwandishi wa programu, isipokuwa akipenda. Lengo ni kuweza kuuliza swali lake na kulipata jibu bila kumsubiri mtu mwingine.

Hatua ya tatu ni kuijua mifumo huria, ambayo msimbo wake hauuzwi na ambayo yeyote anaweza kujifunza. Afrika Mashariki ina nafasi ya heshima katika historia hiyo. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia kumbukumbu za wagonjwa za kielektroniki kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi. Kutokana na kazi iliyoendelea Eldoret ulizaliwa mfumo wa OpenMRS, ulioasisiwa mwaka 2004 na kuanza kutumika huko mwaka 2006, na ambao leo unatumika katika nchi nyingi. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, umeenea Bara na Visiwani. Mwenye kuielewa miwili hii, pamoja na viwango vya kubadilishana taarifa kati ya mfumo na mfumo, ana lugha ya kuzungumzia na wenzake popote.

Hatua ya nne, na yumkini iliyo muhimu kuliko zote, ni kuanza na tatizo dogo la kituo chake. Achague dawa 10 zinazotumika sana. Kwa miezi mitatu, kila Ijumaa, alinganishe idadi iliyoandikwa katika mfumo au leja na idadi iliyopo rafuni. Aandike tofauti na atafute sababu yake: ni zamu ya usiku isiyoandika, ni pakiti zilizofunguliwa, au ni fomu yenye nafasi finyu? Kisha arekebishe sababu moja, na apime tena. Kazi ya namna hiyo haihitaji mfadhili. Mwisho wake ni ripoti ya kurasa tatu itakayomtambulisha mwandishi wake vizuri zaidi kuliko vyeti vya semina.

Baada ya hapo, masomo ya juu huwa na maana. Shahada ya uzamili katika informatiki ya afya humfaa yule aliyekwisha kuwa na maswali yake mwenyewe. Mahali pa kuitumia elimu hiyo ni pengi: Wizara ya Afya, Bohari Kuu ya Dawa, hospitali za wilaya na za mkoa, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, mfuko wa huduma za afya, vyuo, taasisi za utafiti na maduka ya dawa ya binafsi.

Tabia zinazombeba mtaalamu

Mji Mkongwe ni mdogo na vichochoro vyake vina masikio. Jina la mgonjwa wa Virusi vya Ukimwi likivuja kutoka katika kompyuta ya kliniki, halina pa kujificha. Mwenye jina hilo huenda asirudi tena kuchukua dawa zake. Kwa sababu hiyo, nywila moja inayotumiwa na zamu nzima si jambo jepesi. Haiwezekani kujua nani aliifungua kumbukumbu, nani alibadilisha dozi, wala nani aulizwe. Mtaalamu wa fani hii huanza kwa kuilinda siri, na hukumbuka kwamba siri hiyo ni mali ya mgonjwa.

Hali kadhalika, anahitaji unyenyekevu. Muuguzi aliyeitumia leja kwa miaka 30 akisema kwamba skrini mpya inamchosha, mara nyingi anasema kweli. Mfumo unaotoa tahadhari kwa kila dawa, hata zisizo na hatari, humzoesha mtumiaji kuzifuta bila kuzisoma. Na siku tahadhari ya kweli ikitokea, hufutwa pamoja na nyingine. Tahadhari tano zinazosomwa ni bora kuliko hamsini zinazopuuzwa.

Swali la mradi kwisha

Fani hii ina udhaifu ambao haufai kufichwa. Mifumo mingi ya afya katika eneo letu imeanzishwa kwa fedha za wafadhili, na ajira zake zimefungamana na miradi. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wa afya katika nchi nyingi walitambua ghafla kwamba kazi waliyoiona ya kudumu ilikuwa na tarehe ya mwisho. Mradi unapokwisha, vishikwambi hubaki. Kinachoondoka ni watu wanaojua kwa nini mfumo ulijengwa hivyo, na namna ya kuutengeneza ukiharibika.

Kinga yake ni kuwa na wataalamu waliomo katika utumishi wa kawaida wa vituo na hospitali. Mfamasia aliyeajiriwa kwa kazi ya dawa, lakini mwenye uwezo wa kuuelewa, kuuhoji na kuurekebisha mfumo, haondoki na mradi. Kwa kijana anayepanga maisha yake, hilo pia ni shauri la kujilinda: ashike taaluma ya msingi kwa mkono mmoja na informatiki kwa mkono mwingine, asiache wa kwanza kwa tamaa ya wa pili. Na kwa viongozi wa vituo, muda wa saa mbili kwa wiki anaopewa mtumishi mmoja kukagua takwimu ni akiba itakayofaa pale msaada utakapokatika.

Mgonjwa afanye nini?

Mfumo bora hauwezi kuandika asichoambiwa. Mgonjwa anashauriwa kuyafanya haya:

- Aje na dawa zake zote katika mfuko mmoja, zikiwamo za dukani, za miti shamba na zilizoletwa na jamaa kutoka nje.
- Ajue dawa gani iliwahi kumdhuru, na alisema kila mahali, hata asipoulizwa.
- Atumie jina lile lile na tarehe ile ile ya kuzaliwa katika kila kituo, ili kumbukumbu zake zisigawanyike.
- Mtoto apimwe uzito kila anapoandikiwa dawa.
- Amuulize mtoa dawa saa za kumeza, na aitaje saa kwa Kiswahili.
- Kabla ya Ramadhani, mwenye kisukari, shinikizo la damu au kifafa aende kliniki. Asibadili dozi kwa uamuzi wake mwenyewe.

Hitimisho

Mtoa dawa wa zama za leja alimjua mgonjwa wake kwa sura, kwa nyumba na kwa maradhi. Hakuna mashine iliyobuniwa kuushinda ujuzi huo. Informatiki ya kitabibu, ikifanywa vyema, huuwezesha kusafiri: yule mzee wa Makunduchi ajulikane Mnazi Mmoja na Darajani kama anavyojulikana kijijini kwake. Anayetaka kuijenga kazi hiyo hana haja ya kusubiri kozi wala mradi. Ijumaa ijayo afungue leja, ahesabu vidonge vilivyomo rafuni, na aandike tofauti atakayoiona.